Magunia Yale Yale Sabini

Mahali penyewe panaitwa Mizani. Ukitoka stendi ya Sumbawanga ufuate ukuta wa ghala la zamani la ushirika, utaona mbao mbili zimelazwa juu ya chuma, na juu ya mbao wanaume waliovaa makoti. Chuma hicho ni mizani ya kupimia magunia, ile yenye sahani pana chini na mkono wa juu wenye kijiwe cha kutelezesha. Biashara ya mahindi ilipoachwa huria na ghala likafungwa, kila kitu kilibebwa isipokuwa hiyo mizani, maana ilikuwa nzito na hakuna aliyeona haja nayo. Asubuhi hiyo ya Julai upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio, Flavian muuza kahawa alikuwa amekwisha kumimina raundi ya kwanza, na mbele ya benchi, juu ya mkokoteni, palikuwa na kitu kizito kilichofungwa ndani ya gunia. Ilikuwa bloku ya injini ya lori la Yunusu, na basi la Mbeya lingeondoka saa sita.

Yunusu alikaa mwisho wa benchi, mkono mmoja kifuani. Hakuwa mgonjwa. Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa na karatasi ya kiwanja cha mtaa wa Izia, na kila dakika tano aliigusa kuona kama bado ipo, ingawa kwa kweli angefurahi kama angekuta haipo. Mnunuzi wa kiwanja alikuwa amesema atapita saa tano, na hela yake ndiyo ingelipa kazi ya Mbeya. Kiwanja kilinunuliwa kwa ushonaji wa mkewe, Kulsumu, miaka sita ya kupiga cherehani katika vyumba viwili vya kupanga. Alikwisha kufyatua tofali na kupanda maharage kuzunguka msingi. Asubuhi ile alimpa mumewe karatasi, kisha akarudi kwenye cherehani akaanza kushona kitu ambacho Yunusu aliona wazi kuwa kilikuwa kimeshashonwa.

— Twende taratibu, alisema Baltazari, fundi wa lori, mtu wa mikono myeusi na maneno machache. Mimi nimekwambia toka wiki iliyopita. Ringi mpya, beringi, valvu nizisage. Nguvu yake ya zamani itarudi. Hela ya hiyo kazi unayo mfukoni, huna haja ya kuuza kitu.

— Na nguvu ya zamani inapanda? aliuliza Yunusu.

— Hilo mimi sijui. Mimi nafunga injini, mlima sipandi.

— Mwaka juzi si ulinifungia ringi mpya? Injini ikawa inanguruma mtaa mzima unasikia. Tukashuka bondeni, tukapakia, tukarudi. Tulikwama wapi?

— Kona ya tatu.

— Na safari hii injini ikiwa imechoka, tumekwama wapi?

Baltazari alitazama kahawa yake.

— Kona ya tatu, alisema.

Wote walitikisa vichwa. Lori lile, lililoandikwa Tutafika kwenye paji la uso, Yunusu alilinunua kwenye mnada wa mali za ushirika, na hakuna asiyejua habari zake. Enzi za ushirika lilishuka bonde la Rukwa kila wiki, likabeba mahindi, likapanda mlima wa Lyambalyamfipa kona zote saba bila kupumzika. Sasa likifika ya tatu linatoa moshi mweusi, linatetemeka, linasimama. Abiria wanaruka na mawe ya kuzuia tairi. Safari ya mwisho walishusha nusu ya mzigo palepale barabarani na kulala nao.

— Kwani mzigo umezidisha? aliuliza Amin. Huyu walimwita Redio kwa sababu alikuwa nayo, ndogo ya mkulima, na kila alichosema alidai amekisikia humo hata betri zikiwa zimekufa.

— Nizidishe wapi! Magunia yale yale sabini. Mwulize Karani.

Enock, aliyeitwa Karani, aliweka kikombe chini. Alikuwa karani wa mizani hiyohiyo miaka kumi na minne, mpaka siku waliyomwambia apeleke funguo. Alikuwa bado anapaka grisi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye maungio yote ya ule mkono wa chuma, na watu wakimcheka anasema chuma kikiachwa kinahuzunika.

— Sabini, alisema. Mimi mwenyewe niliandika. Lori hili, magunia sabini, wiki kwa wiki. Halikuwahi kubeba sitini na tisa wala sabini na moja.

— Basi si mzigo, alisema Redio. Tumeshaondoa mzigo. Kinachobaki ni dizeli.

— Dizeli imefanyaje?

— Wewe huoni? Zamani dizeli ilikuwa ya serikali, nzito, ukiimwaga chini inakaa kwanza inafikiri. Hii ya watu binafsi ni nyepesi. Imekuja kwa haraka, kila mtu anakimbilia faida, haikupata muda wa kukomaa. Ndani ya injini inapita tu, haifanyi kazi.

— Mbona malori mengine yanatumia hiyohiyo? aliuliza Baltazari.

— Nayo yanakwama.

Hilo lilikuwa kweli. Malori yote ya wafanyabiashara wa mjini yalikwama kwenye mlima ule, mengine kona ya pili, na hakuna aliyeona ajabu. Kila tajiri alikuwa na fundi wake wa kumlaumu.

Flavian alipita na birika. Aliwamiminia bila kuuliza, akachukua shilingi zake, akarudi kwenye jiko lake la mkaa.

— Ninyi mnazunguka, alisema Yunusu. Nguvu ya zamani haitoshi, nataka zaidi ya hiyo. Bloku iende Mbeya wakachonge silinda, ziingie pistoni kubwa. Baltazari ameshapata pistoni za lori jingine.

— Nimepata, alisema Baltazari. Nimepima, zitaingia. Ila ukuta wa silinda utabaki mwembamba sana. Inaweza kufanya kazi miaka mitano, inaweza kupasuka siku ya kwanza. Nimekwambia hilo pia.

— Umeniambia.

— Nasema tena mbele ya watu.

Yunusu aligusa karatasi. Alikuwa mtu anayejua anachofanya ni kibaya na anatafuta mwenzake wa kumwambia ni kizuri. Kwa bahati yake, Mizani palikuwa na wenzake wa namna hiyo wawili.

— Usiogope kuchonga, alisema Redio. Ila usiishie hapo. Toa ekzosi yote. Injini inakohoa kwa sababu imezibwa pua. Halafu pampu ya dizeli ifunguliwe mpaka mwisho. Halafu, hili nimelisikia kabisa, unapanda kinyumenyume.

— Kinyumenyume?

— Gia ya nyuma ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwulize fundi.

Watu walimgeukia Baltazari. Fundi alitafuta njia ya kukataa, akaikosa.

— Gia ya nyuma ina nguvu kweli, alisema.

— Mmeona? Unafika chini ya mlima, unageuza lori, unapanda na matako. Kona saba.

— Dereva atatazama wapi? aliuliza Karani.

— Atatazama alikotoka. Kule si anakujua?

Walilipima jambo hilo kwa dakika kadhaa bila kucheka. Karani alitaka kujua abiria watalipa nauli ya kwenda au ya kurudi. Yunusu, na hili alilionea aibu baadaye, alijikuta anafikiria wapi angeweza kufunga kioo.

— Au injini mbili, aliendelea Redio. Moja mbele inavuta, nyingine nyuma inasukuma. Ya nyuma si lazima iwe nzima.

— Hapana, alisema Karani polepole. Mnakosea mwanzo, ndiyo maana mnapotea mwisho. Lori ni lilelile, magunia ni yaleyale, dereva ni yuleyule. Nini kimebaki?

Aliinua kidole cha nne.

— Mlima, alisema Karani.

— Mlima umefanyaje?

— Umekua. Si mnasikia ardhi inavyotetemeka huku kwetu? Mnadhani inatetemeka bure? Bonde linashuka, mlima unapanda. Mimi nimefanya hesabu. Ukichukua inchi mbili kwa tetemeko moja, na matetemeko manne kwa mwaka, tangu ushirika ufungwe huo mlima umeongezeka kama kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Na umekua hapo hapo kona ya tatu.

Redio alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa binadamu. Walishawahi kujadili kama Yunusu amerogwa, wakaliacha, kwa sababu safari ya mwezi wa tano mganga mmoja maarufu alikuwa miongoni mwa abiria, alilipa nauli kamili, na kona ya tatu alishuka akasukuma pamoja na wengine. Lakini mlima kukua lilikuwa jambo jipya, na halikuwa na pa kulikamatia.

— Sasa kama mlima unakua, alisema Yunusu, lazima injini nayo ikue.

— Hapo umesema! alisema Redio. Chonga!

Yunusu akatoa karatasi mfukoni, akaiweka gotini. Kulsumu alikuwa ameifunga kwa kipande cha kanga, kwa fundo dogo. Alianza kulifungua fundo.

— Hamjambo hapa? Shikamooni.

Aliyesalimia alikuwa mwanamke mwenye kanga mbili na viatu vya matairi vyenye vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Hakuwa mtu wa mjini. Waliitikia marahaba, na Redio, aliyependa kuonyesha kuwa amesafiri, akaongeza mwangaluka. Mama huyo alimwitikia kwa Kisukuma sentensi nzima ndefu, na Redio akawa ghafla anarekebisha redio yake.

— Naitwa Minza, alisema kwa Kiswahili. Tunakaa kule bondeni, tulihamia na ng'ombe mwaka ule wa ukame. Namtafuta mwenye Tutafika.

— Ni mimi, alisema Yunusu. Lakini mama, lori halina injini. Injini ndiyo hiyo.

Minza aliutazama mkokoteni. Hakuitazama bloku. Aliinama akashika gunia lililoifunga, akapeleka vidole juu mpaka kwenye mdomo wa gunia, penye mshono.

— Nalijua hili gunia, alisema.

Kila mtu pale alilijua. Ilikuwa akili ya Yunusu, na wenzake wote walikuwa wameiiga. Mwaka wa kwanza wa biashara huria alikata magunia mabovu, akashona vipande vyake kwenye midomo ya magunia mazima, upana wa karibu mkono, akaviita kola. Alishuka nayo bondeni yakiwa matupu. Mkulima anajaza, anashindilia kwa mti, anajaza kola, halafu juu yake panashonwa kilima cha mahindi kwa kamba ya katani. Bei ni ya gunia moja. Mkulima akilalamika anaambiwa akamtafute mnunuzi mwingine, na mnunuzi mwingine anakuja na kola ndefu zaidi.

— Nina magunia arobaini, alisema Minza. Nikaona nije mwenyewe huku juu nijue bei, na nijue nauli. Kule wanasema lori limeharibika kwa sababu limezeeka.

— Limezeeka, na mlima umekua, alisema Redio.

— Umekua?

Karani alimweleza, pamoja na inchi. Minza alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

— Lori hili nalikumbuka, alisema. Lilikuwa linakuja kwetu na huyu bwana akiwa na daftari, akamwonyesha Karani kwa kidole. Mlikuwa na mizani ya kuning'iniza kwenye mti. Likiondoka tunalisikia linapanda mpaka juu kabisa, watoto walikuwa wanahesabu kona.

— Magunia sabini, alisema Karani, na sauti ikamlainika.

— Na sasa pia sabini?

— Yale yale sabini, alisema Yunusu.

Minza alilivuta tena gunia la kwenye mkokoteni, akainyoosha kola kwa mikono miwili.

— Hili likijaa, aliuliza, lina kilo ngapi?

— Gunia ni kilo tisini, alisema Karani mara moja.

— Lile la kwako. Nauliza hili.

Redio alisema inategemea na unyevu, halafu akaona mwenyewe kuwa hiyo si kilo. Baltazari aligeuza shingo polepole akamtazama Yunusu, kama anavyotazama mtu aliyetia maji mahali pa mafuta. Yunusu alijaribu kukumbuka. Alijua bei ya gunia kila kijiji kuanzia chini ya mlima mpaka ziwani, alijua nani anachanganya mchanga, alijua katani ya wapi haikatiki. Kilo hakujua. Hakuna aliyepima mahindi tangu ghala lifungwe, maana aliyenunua hakutaka kujua na aliyeuza hakuulizwa.

— Flavian, ongeza kahawa, alisema Redio.

— Imekwisha, alisema Flavian.

Yunusu akarudisha karatasi mfukoni, akainuka.

— Simameni, alisema.

— Twende wapi?

— Hakuna pa kwenda. Simameni tu. Mmekalia mizani.

Walisimama. Katika miaka yote ya kijiwe kile haijawahi kutokea wote wakasimama kabla ya kahawa ya pili kuisha tumboni. Waliziondoa mbao, wakafuta maganda ya karanga. Stoo ya Yunusu ilikuwa ng'ambo ya barabara, na magunia ya safari ya mwisho yalikuwa bado humo. Yeye na Baltazari walilibeba moja. Walilipumzisha mara mbili kabla ya kuvuka barabara, na mara ya pili Baltazari alisema neno moja la Kifipa ambalo hakulirudia kwa Kiswahili.

— Hili la shemeji yangu Ngeleja, alisema Minza. Mshono wake nauona.

Karani alipiga magoti. Mkono wa mizani ulikwenda laini, grisi ya miezi yote ile ikafanya kazi yake. Alitelezesha kijiwe mpaka tisini, mkono haukustuka. Mia moja, bado. Mia na ishirini. Alikuwa anaupapasa ule mkono kama mtu anayemuomba radhi. Ulipoinuka na kutulia, alisogeza uso karibu na namba.

— Karani, alisema Yunusu. Soma.

— Mia na thelathini na nane.

Yunusu alipiga hesabu kichwani, akairudia akidhani amekosea, ikatoka ileile: kilo arobaini na nane za ziada mara sabini, tani tatu na zaidi, kila safari, juu ya lori la tani saba. Mlima ulikuwa palepale. Dizeli haikuwa na kosa. Tani tatu alizipakia mwenyewe, tena kwa furaha, akisimama juu ya bodi na kuwaambia vibarua washindilie, na angekwenda leo kuuza tofali za mkewe ili apate nguvu ya kuzibeba. Aliona aibu mpaka masikio yakapata joto katika upepo ule.

— Kwa hiyo tulikuwa tunawauzia gunia na nusu, alisema Minza. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejibiwa swali alilokuwa nalo siku nyingi.

Yunusu alimwomba Baltazari kisu. Alikata kamba ya katani juu, halafu akakata mshono wa kola kuzunguka mdomo wote. Mahindi yalimwagika, na Minza alikuwa amekwisha kuvua kanga ya juu na kuitandaza. Yalijaa kanga hiyo kilima kizuri. Akaifunga ampelekee shemeji yake. Hakusema asante, na Yunusu akaona ni sawa.

— Tisini na moja, alisoma Karani. Halafu akapapasa nyuma ya sikio kutafuta kalamu ambayo haikuwapo tangu siku ya funguo.

Kule stendi basi la Mbeya lilipiga honi ya kwanza. Mnunuzi wa kiwanja alikuwa anakuja kwa mbali, mtu mnene mwenye kofia, anakwepa mashimo.

— Bwana Yunusu, alisema Minza, arobaini yangu utayabeba kwa magunia gani?

— Baltazari, alisema Yunusu, ringi zinachukua siku ngapi?

— Nne. Tatu, nikipata mtu wa kunishikia taa.

— Basi Jumatatu, mama. Njoo na magunia yako mwenyewe.

Akaitoa karatasi, akalikaza lile fundo la kanga alilokuwa amelilegeza, akamwachia Baltazari mkokoteni, akaondoka kwa njia ya nyuma ya ghala ili asikutane na mwenye kofia. Alitaka kufika nyumbani kabla Kulsumu hajamaliza kushona kile kitu.

Redio alibaki amesimama, ubao mkononi, hajui aurudishe au asubiri.